Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Mapafu

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, mimi sizigusi. Mwaka huu kamati ilishughulika na jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni mapafu. Watu huujua ugonjwa wetu, skleroderma, kwa ngozi kukakamaa na vidole kugeuka rangi kwenye baridi, ila kinachotuua zaidi ni makovu ya mapafuni.

Mimi mwenyewe niliwahi kupigwa eksirei nikaambiwa kifua ni safi, na ngazi za nyumbani nazipanda nikihema. Eksirei huyakosa makovu ya mwanzo. CT ya kifua ya vipande vyembamba, yaani picha za kompyuta zinazoonyesha mapafu kipande kwa kipande, ndiyo huyaonyesha: ukungu upande wa chini na nyuma wa mapafu, kisha nyuzinyuzi kama wavu. Kwa kigezo kilichotolewa mwaka 2008, makovu yakizidi asilimia 20 ya mapafu huhesabiwa yamesambaa. Yakiwa hapo mpakani, kipimo cha kupuliza hewa kwa nguvu kwenye mashine huamua: ukipata chini ya asilimia 70 ya kinachotarajiwa, makovu yako huhesabiwa yamesambaa.

Mmeniuliza sana: kupuliza ni nafuu, CT ya nini? Kwa sababu mtu anaweza kupuliza vizuri kabisa na kovu analo. CT ifanywe mara tu ugonjwa unapogundulika. Kupuliza kurudiwe mara kwa mara, hasa miaka ya mwanzo, tuone namba zinakoelekea.

Kipimo cha tatu wengi hawajakisikia. Unavuta kaboni monoksidi kidogo sana, waone gesi inavyovuka kuingia kwenye damu. Kikishuka huku kupuliza kuko sawa, muulizeni daktari kuhusu shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu na eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Wapimaji nao wanahitaji kuelezwa. Mdomo uliobana huvujisha hewa pembeni, namba zikashuka bure. Semeni kabla ya kuanza. Kile kidude cha oksijeni cha kidoleni hudanganya vidole vikiwa baridi, ombeni kiwekwe sikioni au kwenye paji la uso.

Tutakutana tarehe 29 Juni, Siku ya Skleroderma Duniani, siku aliyofariki mchoraji Paul Klee mwaka 1940, anayeaminika kuwa alikuwa mwenzetu. Kila mmoja aje na majibu yake yote, hata ya zamani, tuyapange kwa tarehe kwenye faili moja. Ukumbi una AC kali, glavu msisahau.

Mwenyekiti