Harambee ya darasa la sita: watoto wa Pangani waione Pangani

Assalaam aleikum, na hamjambo wana-Pangani wa mjini, Bweni, Tanga, Dar es Salaam na hata mlioko Muscat.

Muhula uliopita mwalimu wa historia aliuliza darasa la sita: Abushiri alinyongwa wapi? Mikono ikainuka, jibu likawa Bagamoyo. Hakuna aliyetaja Pangani. Hawa ni watoto wanaopita karibu na Boma, jengo kongwe la utawala, kila asubuhi! Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alinyongwa hapa hapa tarehe 15 Desemba 1889, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya watu wa pwani kuikataa bendera ya kampuni ya Kijerumani. Mgeni akishuka garini anasimuliwa yote hayo kabla ya chakula cha mchana. Sisi kamati ya wazazi, tuseme kweli, tumeona haya.

Kwa hiyo tunaomba mtuchangie safari ya siku mbili.

Siku ya kwanza ni ya miguu na mto. Boma, nyumba kongwe na milango yake ya nakshi, halafu boti ipande mto kati ya mikoko na minazi, kwenye kingo zilizokuwa mashamba ya miwa enzi sukari ya Pangani ikisafirishwa kwa majahazi. Mto huu unaanzia Kilimanjaro na Meru. Wanafunzi wetu wengi wanaujua kuanzia kwenye kivuko tu.

Siku ya pili ni kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya baharini, na huko ndiko fedha inakokwenda. Wazee wanakumbuka miti ya mivinje kisiwani. Leo ni fungu la mchanga mtupu, na bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) likijaa maji hulifunika lote. Kasa bado wanakuja kutaga, ila mayai yao huhamishiwa pwani ya bara yasisombwe. Tutakwenda siku za bamvua, maji yakipwa mnamo saa nne asubuhi, turudi kabla hayajajaa. Siku hiyo ataichagua nahodha, si kamati.

Wanafunzi ni 58 na walimu 4. Tunahitaji shilingi 2,900,000: mafuta, boti ya pili ya kukodi, ada ya kuingia hifadhini, na jaketi okozi kwa kila mtu. Boti ya kwanza ametoa bure mzazi mmoja mvuvi, Mungu ambariki. Kina mama wa darasa la sita watapika. Pasipo jaketi za kutosha hatutoki mtoni, hata fedha nyingine zote zikitimia.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uwanja wa shule, baada ya sala ya Alasiri. Asiye na fedha alete mchele, nazi au samaki, tutavinadi pale pale. Mlio mbali, mpeni ndugu yenu aliye mjini amkabidhi mweka hazina, na adai risiti.