Asante dada uliyekuja kufundisha kuhusu sonona

Dada sijui hata jina lako, ila wewe uliyekuja shuleni kwa kina mwanangu hapa Tanga ukawafundisha kidato cha pili kuhusu sonona, asante sana tena sana. Uliwaambia huzuni ikikaa wiki mbili na zaidi, usingizi hakuna, chakula hakipandi, hata netiboli uliyokuwa unaipenda huitaki tena, huo sio uvivu wala mapepo, ni ugonjwa na unatibika, mtafute mtu mzima unayemwamini umwambie. Binti yangu karudi nyumbani kaniambia mama mimi niko hivyo tangu bibi afariki. Na mimi nilikuwa namgombeza kila siku jamani!! Saa hizi anaonana na mshauri kliniki, juzi kapika chapati huku anaimba. Mungu akuweke dada yangu.