Wanasema shetani alinipitia, lakini nakumbuka kila hatua

Mshauri mpendwa,

Nina miaka 43, na mtoto mmoja wa kiume wa miaka 9. Wiki tano zilizopita nilimsukuma mke wangu akaanguka, mkono ukagonga ukingo wa meza na mfupa wa kifundo ukavunjika. Alikuwa amejiweka katikati kwa sababu nilishamwinulia mtoto mkono. Kosa la mtoto ni kumwaga maji juu ya karatasi nilizoleta kutoka kazini. Maji tu. Tangu siku hiyo nalala kwa kaka yangu.

Kila anayenijua ameshangaa. Kazini huniita mtu wa subira, na katika miaka 14 ya ndoa sikuwahi kumgusa mtu kwa ubaya. Kwa hiyo wote wana maelezo yaleyale: shetani alimpitia, ni uchovu, hata mimi ningeweza. Wanasema kwa upendo, na mke wangu mwenyewe amesema hivyo akiwa na mkono kwenye plasta. Nakuandikia kwa sababu siamini tena kwamba lilikuwa jambo la ghafla, na nahitaji mtu asiyenionea huruma.

Miezi minane kabla ya siku ile, wenzangu wawili walipunguzwa kazini na majukumu yao yakaletwa kwangu. Nikawa nalala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, mara nyingine tatu. Mkuu wa idara akaanza kunisema mbele ya watu, nami nikawa nanyamaza. Nikifika nyumbani nanyamaza pia. Usiku nikijilaza ndipo nabishana naye kichwani, namjibu yote niliyoshindwa kumjibu mchana, mpaka kunakucha. Asubuhi taya zinauma kwa kusaga meno. Mlio wa kijiko kwenye sahani ulinikera kama tusi. Niliacha kupokea simu za marafiki. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama naumwa, nikamjibu kwamba niko sawa, kwa sauti iliyomfanya asiulize tena. Hiyo ndiyo waliyoiita subira.

Huku kwa kaka nimesoma sana. Nimejifunza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, inayopiga kengele ya hatari kabla mtu hajafikiri, na kwamba sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo humwambia mtu angoje kwanza. Ukikosa usingizi siku nyingi, kengele hulia kwa jambo dogo na breki hulegea. Mmarekani Walter Cannon alieleza mapema katika karne ya 20 jinsi mwili ulioshtuka unavyojiandaa kupigana au kukimbia, adrenalini ikimwagika kwenye damu na moyo ukienda mbio. Nilijiona humo: joto masikioni, mikono kutetemeka, macho yasione chochote ila zile karatasi zilizolowa. Nikapata ahueni. Halafu nikaiogopa ahueni yenyewe.

Kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Asubuhi ya siku ileile, mkuu wa idara alinitupia faili mbele ya watu saba na kuniita mzembe. Moyo ulinienda mbio vilevile. Masikio yaliwaka vilevile. Sikumgusa. Nilisema, "Samahani, mkuu," nikainama kuokota karatasi. Breki ilifanya kazi vizuri kabisa! Sasa kama kweli akili iliniruka, mbona ilinirukia mbele ya mtoto na mama yake, si mbele ya mtu mwenye uwezo wa kunifukuza? Mwaka 1939 John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliandika kwamba hasira inayozuiwa kumfikia aliyeisababisha huweza kumwangukia mwingine. Sikulala usiku niliposoma hilo.

Nimesoma pia habari za Charles Whitman. Agosti 1, 1966 alimuua mama yake na mke wake, kisha akapanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuwapiga watu risasi. Alikuwa ameacha barua akiomba ubongo wake uchunguzwe, na kweli walikuta uvimbe. Wataalamu walisema huenda ulichangia, lakini hawakuweza kuthibitisha. Wengi wanaosimulia kisa hicho huishia kwenye uvimbe. Mimi kilichonishika ni kwamba Machi ya mwaka huohuo alimwambia daktari wa akili wa chuo kwamba anawaza kupanda juu ya mnara ule na kupiga watu risasi, na hakurudi tena kwa daktari huyo. Tena alikwisha kumpiga mkewe kabla ya hapo. Sijilinganishi naye kwa alichotenda. Lakini naye aliitwa kijana wa kawaida aliyebadilika siku moja.

Nilikwenda hospitali. Daktari alipima presha, akaniandikia siku za mapumziko. Nilitamani aniambie nina ugonjwa wenye jina, na nilipotoka nikaona aibu kwa kutamani hivyo. Wapo watu wengi wenye mizigo mizito kuliko wangu, wanaolala kidogo kuliko mimi, na hawajamvunja mtu mkono. Sasa nimeanza kuonana na mshauri nasaha, tumekutana mara mbili. Kazini nimeomba kuhamishwa idara, bado sijajibiwa.

Shida yangu ni hii. Mke wangu anataka nirudi Jumamosi. Anasema mtoto ananihitaji na watu wameanza kuuliza. Dada yake anapinga kabisa, hataki hata kusikia sauti yangu, na moyoni naona ana haki. Nikirudi mapema, naogopa nitakuwa nimewafundisha kwamba yamekwisha. Nikikaa mbali, mke wangu anabaki na nyumba nzima kwa mkono mmoja. Mtu wa namna yangu anajuaje kwamba anaweza kuaminiwa chini ya dari moja na watu aliowaumiza? Ni wiki ngapi, ni dalili gani, na nani anayepaswa kuamua, maana sidhani ni mimi? Na mke wangu nimwambie lile la asubuhi, au nitakuwa namtwisha mzigo mwingine?

Jana mtoto alichukua simu kwa mama yake. Tuliongea habari za shule. Kisha akaniuliza, "Baba, na nikimwaga tena?" Nilimwambia hakuna tatizo, hata akimwaga kila siku. Akakaa kimya muda mrefu, akamrudishia mama yake simu.

Tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi.

Baba wa mtoto mmoja