Peji ya kikundi chenu iko kwa simu ya nani?

Kila ikikaribia Ramadhani ama Disemba vikundi vinamiminika hapa dukani kwetu, tunakofanya kazi za peji na matangazo ya mtandaoni. Kina mama wa vyama, vijana wa kupanda mikoko, timu za mtaani, madrasa wanaochangisha ujenzi, na wengi wanakuja na ombi moja, jamani tubustieni peji yetu, yaani tulipie Facebook iitangaze, ifikie watu wengi, tuko na elfu mbili tatu hapa. Sisi kabla hatujaigusa hiyo pesa tunauliza kitu kimoja tu, peji yenyewe iko kwa nani? Hapo mwenyekiti anamwangalia katibu, katibu anasema ilifunguliwa na kijana wetu fulani, na huyo kijana sahii yuko Doha.

Tumeona tuliandike hili kirefu manake linarudi kila mara, na kwa maoni yetu linaumiza vikundi vidogo vya huku Mombasa kuliko hata kukosa pesa ya matangazo.

Vile huwa inatokea ni hivi. Kikundi kinaanza, watu kumi na tano ama ishirini, kinasajiliwa, kinapata cheti, kinafungua akaunti ya benki na hapo benki kila mtu anakuwa makini sana, watia sahihi watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mmoja hawezi kutoa hata shilingi bila wenzake. Halafu inakuja zamu ya Facebook na WhatsApp na Instagram, wazee wanasema hayo mambo ya mtandao tuwaachie vijana, basi kijana mmoja mwenye simu nzuri, ama mwanafunzi aliyekuja atachi, mafunzo ya kazini, miezi mitatu, anaambiwa fungua. Anafungua kwa imeili yake, kwa laini yake, pasiwadi anaijua yeye. Kwa muda kazi inaenda vizuri, anaposti, anajibu watu, kikundi kinajulikana. Siku anapata kazi Saudia ama Nairobi, ama anaoa tu maisha yanambana, kila kitu kinaenda naye mfukoni. Kijana hajafanya kosa lolote hapo, tena amejitolea bando lake mwenyewe bila mtu kumrudishia. Kasoro iko kwa kikundi, hakuna mkutano uliowahi kukaa ukauliza hii mali ni ya nani.

Na ni mali. Jina ambalo watu wamelizoea, picha za miaka minne, wafuasi ambao ni majirani na wafadhili na wazazi wa watoto, hivyo havinunuliki.

Kuna kikundi cha upande wa Mikindani walikuja wanataka kubusti, kazi yao ni kuotesha miche ya mikoko na kuipanda huko creek, kazi nzuri mno. Tukakaa na katibu wao, mama mmoja mtulivu, tukafungua peji yao kwa simu yetu kama mtu wa nje anavyoiona. Posti ya mwisho ilikuwa ya mwaka uliopita. Nambari iliyoandikwa pale juu tukaipiga tukaweka spika, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Tukashuka kwa komenti, chini ya picha ya kitalu kuna mwalimu ameandika kwamba angependa kuwaleta wanafunzi wake wapande miche, akauliza nani azungumze naye, akarudia tena wiki mbili baadaye, nauliza tena tafadhali. Mama akaisoma mara mbili, akasema huyu tungempokea hata kesho. Hakuna aliyekuwa ameiona komenti hiyo kwa sababu hakuna mtu kwenye kikundi anayeingia kwa hiyo peji.

Sasa hebu fikirieni mngebusti peji kama ile. Pesa ingeenda kuwaleta watu mia kadhaa wasome nambari isiyopatikana. Tangazo linaongeza wanaogonga mlango, na kama ndani hakuna mtu basi mmelipia watu wengi zaidi wajue kwamba hamjibu. Ndio maana tunakataa kuchukua hiyo kazi hadi peji irudi kwa kikundi, hata kama mteja ataona tunamzungusha.

Mambo ya kiufundi ni machache tu. Peji ya Facebook haiwezi kusimama peke yake, lazima ishikwe na akaunti ya mtu binafsi, lakini inaweza kushikwa na watu zaidi ya mmoja wenye uwezo wote, na wengine wakapewa uwezo mdogo wa kuposti na kujibu meseji tu. Kama mwenye uwezo wote ni mmoja na ameondoka, mwingine hawezi kujiingiza. Kwa hiyo kama kijana wenu bado anapatikana, hata akiwa Doha, mpigieni leo, muongee naye vizuri, awaongeze viongozi wawili, ni kazi ya dakika chache kwa simu yake. Tumeona vikundi vinaanza kwa kumlaumu, kijana anakasirika anablok nambari, na mambo yanaisha hapo. Mshukuruni kwanza. Na kama hapatikani kabisa kuna njia ya kuandikia Meta, kampuni yenye Facebook, na kupeleka nyaraka, cheti cha usajili kinasaidia, ila ni safari ndefu na wakati mwingine haifiki, ikibidi mnafungua peji mpya na kuwatangazia watu kwa kila mlango mlionao.

WhatsApp ni shida ya aina yake manake akaunti imefungamana na laini ya simu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu humpa mtu mwingine, na WhatsApp wenyewe hufuta akaunti ambayo haijatumika siku 120. Yaani nambari mliyochapisha kwa fulana na mabango inaweza kuwa leo iko kwa mtu asiyejua chochote kuhusu nyinyi. Tunachoshauri ni laini moja ya kikundi, isajiliwe kwa kitambulisho cha kiongozi asiyehamahama, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba hii ni laini ya kikundi, iwekwe kwa simu hata ya bei rahisi inayokaa kwa katibu. Wekeni WhatsApp ya biashara, ni ya bure, ina salamu ya kumjibu mtu akiandika usiku, ina mahali pa kuonyesha bidhaa na bei, na simu ama kompyuta nyingine nne zinaweza kuunganishwa hapo ili mweka hazina na kijana wa mitandao nao wajibu, mradi ile simu kuu isizimwe zaidi ya siku 14.

Halafu wekeni ile pin ya tarakimu sita ya WhatsApp, ya uthibitisho wa hatua mbili, tafadhali sana. Wizi wa siku hizi ni mtu anajifanya mwanachama, anasema nimetumiwa kodi, zile nambari za kuthibitisha, kwa nambari yako kimakosa nitumie, ukimtumia tu amechukua WhatsApp yako, na baada ya nusu saa anawaandikia wanachama wote kwamba kuna mgonjwa hospitali changieni haraka. Kikundi kinachoishi kwa kuaminika hakiwezi kumudu jioni moja kama hiyo. Vilevile zile meseji zinazosema peji yenu itafutwa kwa kuvunja sheria, bonyeza hapa, msibonyeze.

Tukiwa bado kwa uaminifu, kuna la pesa. Bango la mchango lenye nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi linawakimbiza watu hata kama mko safi kabisa. Mtu wa Nyali ama aliye ng'ambo asiyewajua anaingiza nambari, anaona jina la mtu fulani badala ya jina la kikundi, anasita, anafuta. Mkiwa na paybill ama till yenye jina la kikundi, lile jina linalotokea pale ndilo tangazo lenu bora, na mkifunga hesabu mnaweza kuonyesha kila kilichoingia. Tunapenda sana vikundi vinavyoposti baada ya mchango, tulipata kiasi hiki, tulinunua mabati haya, hii hapa risiti. Posti kama hiyo haina muziki wala haichezi, na watu wanaisambaza kwa grupu zao wenyewe bila kuombwa.

Picha za watoto nazo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwezi kutumia picha ya mtoto hivi hivi bila ridhaa ya mzazi ama mlezi, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Madrasa na timu za watoto mnatuletea picha nyingi nzuri, lakini sisi tutawauliza karatasi ya ridhaa kila mara, msituone wakali. Na hata pale sheria haijasema kitu, mama anayepokea unga wa msaada asipigwe picha ya uso. Ana majirani, ana wakwe.

Haya, peji imerudi, laini iko kwa katibu, sasa mnaposti nini? Hapa hatutawachosha. Andikeni nani, wapi, lini, bei gani, nambari ya nani, na mahali muandike kama watu wanavyouliza njia, ukishuka stage ya Mtopanga, mkabala na msikiti, maanake bango linaloandika Mombasa County pekee halimfikishi mtu. Picha za viongozi saba wenye suti zikijaza bango lote, tarehe inabanwa pale chini haisomeki. Kama mko na mahali pa kudumu jiwekeni kwa ramani ya Google, ni bure, mara nyingi watataka video fupi inayoonyesha kibao na mlango, na hapo pia mnaweza kuwa na wamiliki na mameneja zaidi ya mmoja. Kwa wanaotembeza wageni Mji wa Kale ama wanaouza vikapu hili ni muhimu kuliko Instagram, mgeni akitoka Fort Jesus anatafuta kilicho karibu naye.

Na msiidharau redio. Mama aliye jikoni Likoni hayuko Instagram saa hiyo, anasikiliza Pwani FM ama Baraka FM ama Radio Rahma. Vituo vinatafuta watu wa kuzungumza, mpelekeeni mtangazaji ujumbe mfupi wenye jambo lenyewe na jina la atakayeongea, na huyo awe anayefanya kazi kwa mikono, asiwe lazima mwenyekiti.

Kubusti ndo kunakuja hapa mwisho, na hapo tunakuwa na raha kabisa kuwafanyia, manake Facebook inakubali ulenge eneo, unawafikia watu wa Kisauni na Bamburi bila kulipia Nairobi nzima, elfu mbili inatosha tukio la mtaani. Wafuasi wa kununua hatuuzi. Ni akaunti za mbali zisizokuwa na watu, hazitakuja kwa harambee yenu.

Mkitaka tuwasaidie njooni viongozi wawili pamoja, mje na cheti cha kikundi, simu zote ambazo zimewahi kutumika kwa peji, na kama mnayo nambari ya yule kijana basi na yeye tutampigia mkiwepo. Kuangalia hali ya peji hatutozi. Tukishajua kazi ni kiasi gani tunawaambia bei kabla ya kuanza, na pasiwadi mnaziandika wenyewe kwa daftari lenu, sisi hatubaki nazo. Tunafungua saa tatu asubuhi Jumatatu hadi Jumamosi, Ijumaa tunafunga saa sita kwa ajili ya swala na kurudi saa nane.