Kaka, msilibomoe kwanza

Kaka Elieza, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, kazini na tena jana kitandani. Salamu nimezipokea. Na hizo milioni tatu za kulibomoa kanisa letu na kujenga jipya pia nimezisikia, ila shangazi alikutangulia. Aliniambia jina langu lilisomwa kanisani siku ya mavuno, “Neema, Uingereza, milioni tatu,” na akina mama wakapiga vigelegele. Kaka, ahadi mtu huitoa kwa kinywa chake. Mimi hata kuulizwa sikuulizwa. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Mimi mzima. Kazi ipo, baridi ipo, tuyaache hayo.

Nataka nikusimulie kanisa moja la huku Suffolk, kijiji cha Blythburgh. Mzee ninayemhudumia huomba nimpeleke Jumapili, namsukuma kwenye kigari chake. Siku ya kwanza nilitazama juu nikasahau kusukuma. Darini wamejipanga malaika wa mbao, mabawa wameyatandaza, na rangi zao za kale bado zinaonekana kwa mbali. Wenyeji wa kijiji hawafiki 400, lakini kanisa lile lingetumeza sisi na parishi jirani na nafasi ikabaki.

Na hili utangaze pia, kwa kuwa matangazo unayapenda: Jumapili iliyopita somo la kwanza nimelisoma mimi. Mimi, mtoto wa katekista! Nikatamka yale majina magumu ya Agano la Kale bila kujikwaa hata mara moja. Mama mmoja akaniambia sauti yangu ilifika mpaka mlangoni. Mwambie wifi, yeye aliyesema naongea kama nina pamba mdomoni.

Sasa sikiliza. Mnara wake ni wa karne ya 14. Kanisa lenyewe walilijenga upya karne ya 15; watawa walipata ruhusa ya kuanza upande wa madhabahu mwaka 1412. Wakati huo mto Blyth ulikuwa unapitisha meli na kijiji kilikuwa na hela. Baadaye mto ukajaa tope, meli zikawa kubwa, biashara ikahamia kwingine. Nyumba ya watawa nayo ikafungwa mwaka 1537. Wanakijiji wakabaki na kanisa la matajiri na mifuko ya maskini. Hapo ndipo nilipoanza kulipenda.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, ikapiga radi. Kilele cha mnara kilianguka ndani, kikaua mwanamume mmoja na mvulana, na birika la ubatizo likaharibika. Mlango wa kaskazini una alama nyeusi za kuungua, na wenyeji husema ni kucha za mbwa wa shetani aliyekimbia akitoka. Mzee wangu alinionyesha kwa kidole, uso mkavu kabisa. Mzungu mzima! Nikamwambia hata kwetu mbwa huyo tunamfahamu, tena anapita njia ya makaburini.

Mwaka 1644 akaja mtu aliyetumwa kwa niaba ya Bunge, William Dowsing, kazi yake kusafisha makanisa yasiwe na sanamu. Aliagiza malaika 20 washushwe na picha zaidi ya 200 ziondolewe ndani ya siku nane. Sasa nani apande ngazi kule juu? Malaika wengi wamo hadi leo. Wamekutwa na marisawa, vile virisasi vidogo vya bunduki, kwenye mbao zao, na watu wakawasingizia askari wa Dowsing miaka mingi. Kumbe ni ya karne ya 18. Wazee wa kanisa wenyewe walikuwa wakilipa watu wapige kunguru humo ndani kwa bunduki! Ukisikia kikao chetu kinalaumu vijana kwa ufa wa ukuta, kumbuka hilo.

Kufika karne ya 19 paa lilivuja hata waumini wakakaa ibadani na miavuli. Mwaka 1881 likafungwa kwa kuwa hatari. Na hapa, kaka, ndipo ninapokutaka wewe. Wapo waliotaka kulifanya jipya kabisa. William Morris, msanii wa huku, na chama cha kulinda majengo ya kale alichokianzisha mwaka 1877 wakasema hapana, kitengenezwe kilichoharibika, kingine kiachwe. Wakagombana zaidi ya miaka ishirini. Lilifunguliwa tena 1884, matengenezo yakaenda kidogo kidogo kwa sababu hela haikuwapo, na huo ukata ndio uliowaponya wale malaika. Wangekuwa nazo, leo ningekuta dari jipya linalong’aa.

Kanisa letu halina hata miaka mia. Mawe yake babu aliyabeba kutoka mtoni, na mama anajua lipi lilimponda kidole. Nanyi mnataka kuliangusha ili mweke vigae na madirisha ya alumini kama wale wa ng’ambo ya bonde! Ufa uliopo ni wa ukuta mmoja. Mabati yameoza, sawa, mabati hubadilishwa.

Kwa hiyo milioni tatu sitoi. Nitatoa moja na nusu, ya mbao na mabati, na nitamtumia fundi mwenyewe mkononi. Usinune. Hela ya tangi la mama mwaka jana mpaka leo sijaliona tangi.

Kule Blythburgh yuko pia mwanamume wa mbao wa mwaka 1682, ana kishoka, hugonga kengele ibada inapoanza. Akigonga, mimi simuoni yeye. Namuona babu chini ya mwembe na nyundo yake, anagonga kile kipande cha reli, nasi tunakimbia na viatu mkononi ili visishike vumbi. Wiki iliyopita nililia, mzee akadhani ni mafua.

Ile reli mmeitoa, au bado inaning’inia? Nijibu hilo kabla ya mambo ya hela.

Mdogo wako,
Neema