Tusiwafungie makarani mipangilio yote ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na maofisa TEHAMA wa halmashauri, vyama vya msingi na ofisi nyingine za Mtwara na Lindi. Mtindo wa kumfungia karani mipangilio yote ya Windows unaumiza kazi, hasa msimu wa korosho.

Ukiwasha sera (kanuni ya Windows inayoruhusu au kuzuia jambo) iitwayo Prohibit access to Control Panel and PC settings, karani hawezi hata kukuza maandishi ya skrini, wala kuingia kwenye ukurasa wa printa kuweka nyingine pale ile ya kila siku inapogoma. Wakulima wako kwenye foleni, yeye anapiga simu kuomba nywila ya adimini, yaani msimamizi wa kompyuta. Akishapewa, nywila hiyo inaandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, na ulinzi wote umekwisha.

Kuacha kila kitu wazi nako kuna madhara. Mfano mzuri ni ukurasa wa Region, unaopanga muundo wa tarehe na namba. Mtu akiubadili kwenda muundo wa Marekani, tarehe 05/11 unayoiandika kwenye Excel ukimaanisha 5 Novemba inageuka 11 Mei. Tarehe 13/11 ukiiandika pamoja na mwaka haigeuki, maana mwezi wa 13 haupo: inabaki maandishi tu, inajisogeza kushoto mwa kisanduku, na ukipanga orodha ya mapokezi ya ghala kwa tarehe inakaa pasipo pake. Hitilafu hii ni ngumu kuibaini kwa sababu baadhi ya tarehe zinaonekana sahihi.

Kwa hiyo tuchague kurasa za kuacha wazi. Kwanza, karani awe na akaunti ya Standard User, yaani ya kawaida isiyo na haki za adimini. Hili ndilo la lazima, kwani kuficha kurasa peke yake hakumzuii mwenye haki za adimini kuzirudisha.

Kisha ingia kwa akaunti ya adimini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmc. Kwenye File chagua Add/Remove Snap-in, ongeza Group Policy Object Editor, bofya Browse, nenda sehemu ya Users na uchague Non-Administrators. Wengi huruka hatua hii, wanafungua gpedit.msc na kuweka sera kwa kompyuta nzima, halafu adimini mwenyewe anajikuta amefungiwa nje pamoja na makarani.

Ndani yake fuata User Configuration, Administrative Templates, Control Panel. Fungua Settings Page Visibility, weka Enabled, na kwenye kisanduku andika:

showonly:display;printers;sound;mousetouchpad;easeofaccess-display

Majina yanatenganishwa kwa nukta mkato, si mkato wa kawaida, na usitangulize ms-settings: mbele ya jina. Ukikosea herufi moja, ukurasa huo hautaonekana na Windows haitakuonya, kwa hiyo soma mstari mara mbili kabla ya kubofya OK.

Control Panel ya zamani ina sera yake, Show only specified Control Panel items. Iwashe, bofya Show, na uandike Microsoft.DevicesAndPrinters na Microsoft.Mouse, kila moja kwenye mstari wake. Ofisi nyingi husahau mlango huu wa pili, na Region bado inafikika kupitia hapo.

Malizia kwa kuandika amri gpupdate /force kwenye Command Prompt ili sera zianze kufanya kazi, toka kwenye akaunti, ingia kwa akaunti ya karani na ujaribu mwenyewe. Kabla ya kuondoka, muulize karani anachobadilisha mara kwa mara. Mwenye macho dhaifu atakutajia ukubwa wa maandishi, na huo ni ukurasa wa kumwachia bila mjadala.

Angalizo kwa wanaonunua: toleo la Windows Home halina kihariri hiki cha sera, na kompyuta mpakato nyingi za dukani huja nalo. Ofisi iulizie Pro kabla ya kulipa. Penye seva na domeni (mtandao wa ofisi unaosimamia kompyuta zote kutoka sehemu moja), sera hizi hizi ziwekwe huko mara moja badala ya kuzunguka meza kwa meza.

Ikitokea ukurasa uliofichwa unahitajika, rudi palepale, ongeza jina lake kwenye mstari, au weka Not Configured ili kila kitu kirudi kama awali.

Mdau wa TEHAMA,
Mtwara.