Dozi isiyo na tarehe isifike wodini

Ndugu Mhariri,

Wapo wakubwa wa kazi wanaotaka mtumishi wa afya aweke simu kabatini akiwa zamu. Wakati wa janga ushauri huo haufai. Mwaka 2020 maelekezo kuhusu UVIKO-19 yalikuwa yakibadilika kabla waraka haujafika zahanati ya kijijini, na kundi la WhatsApp ndilo lililowahi. Tatizo ni dozi au mchanganyiko unaosambazwa bila tarehe, bila mtoaji na bila masharti yake.

Chukua deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo pia hupandisha sukari mwilini. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa RECOVERY, jaribio la tiba za UVIKO-19 la Uingereza, walitangaza kuwa miligramu 6 kwa siku, zisizozidi siku 10, zilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa asiyehitaji oksijeni, faida haikuonekana. Ujumbe ukifupishwa, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo hudondoka. Hubaki "deksa 6 mg siku 10", na mgonjwa wa kisukari mwenye homa na kikohozi tu anapandishwa sukari bure. Hesabu nayo huachwa hewani. Kwa dawa ya sindano yenye miligramu 4 kwa kila mililita, unavuta mililita 1.5; ukiwa na vidonge vya miligramu 0.5, ni vidonge 12.

Tarehe nayo ni sehemu ya dozi. Makala ya jarida la kitabibu la Lancet iliyodai kuwa haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, inaongeza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 ilitoka 22 Mei 2020, ikaondolewa 4 Juni kwa sababu takwimu zake hazikuweza kuthibitishwa. Aliyeipiga picha ya skrini katikati ya siku hizo anayo mpaka leo, na picha haina habari kwamba makala imeondolewa. Kwa hiyo tuma kiungo cha waraka wenyewe. Ukikifungua mwezi ujao, utaona kama umebadilishwa au umefutwa.

Klorini ndiyo inayotusumbua zaidi, maana kila mtu anadhani anaijua. Ujumbe unasema "kikombe 1 cha dawa, vikombe 9 vya maji". Ni sahihi kama chupa ni ya asilimia 5 na unataka asilimia 0.5 ya kumwagia damu au matapishi. Chupa yako ikiwa ya asilimia 3.5, umepata 0.35, na umejidanganya. Soma lebo kwanza. Gawa asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, kisha toa 1. Jibu ndilo sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Yaani 3.5 kwa 0.5 ni 7, toa 1, maji sehemu 6. Kwa meza na vitasa, ambako asilimia 0.1 yatosha, chupa hiyohiyo inataka maji sehemu 34. Changanya upya kila siku, funika, weka kivulini, kwa kuwa joto na mwanga huimaliza nguvu. Uchafu uoshwe kwanza kwa sabuni, la sivyo uchafu huo huimaliza klorini kabla haijagusa kirusi. Na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali: hutoa gesi inayochoma mapafu.

Tunachopendekeza si kikubwa. Kila kundi la kituo liwe na mfamasia au muuguzi mmoja mwenye kazi ya kufungua waraka wa asili kabla dozi haijatumika. Ujumbe utaje tarehe, aliyetoa, mgonjwa anayehusika na asiyehusika. Maelekezo yakibadilika, ule wa zamani ujibiwe palepale "umepitwa", kwa sababu kuufuta upande wako hakuuondoi kwenye simu za wenzako. Picha ya eksirei ikatwe kona yenye jina na namba ya mgonjwa kabla ya kutumwa, siyo baada ya mtu kulalamika.

Nanyi wahariri mmo. Kurasa zenu hupigwa picha na kuzungushwa makundini kama waraka wa Wizara. Mkichapa dozi, chapeni sharti lake katika aya ileile, na tarehe ya tangazo iwe ndani ya habari, si juu ya ukurasa ambako mkasi huipitia.

Wauguzi na wafamasia,
Morogoro